Laza Pampu Yako Vizuri Kabla ya Masika

Mvua za masika zikisha kushika sawasawa, wakulima wengi wa skimu huziacha pampu zao za maji pale pale zilipomalizia kazi. Mmoja huisukuma pampu pembeni mwa ghala karibu na majembe, mwingine huifunika gunia kando ya mto, na tangu Aprili hakuna anayeikumbuka tena. Kabichi zinanyeshewa na viazi vinanyeshewa, basi pampu ya nini? Lakini Januari haikosi kufika. Jua la kiangazi hukausha udongo, mboga hulegea majani tangu saa nne ya asubuhi, na ndipo mkulima anapoivuta kamba ya kuwashia mara ishirini, mara thelathini, mpaka bega linamwuma, na injini hailii.

Siku hiyo hiyo jirani zake nao wanavuta kamba, na pampu zao nazo hazilii, na fundi wa pale sokoni ni mmoja tu. Atasema, "Leta, iache hapo, uje Jumamosi." Miche ya kabichi iliyopandikizwa wiki iliyopita haiwezi kungoja Jumamosi.

Makala hii ni kwa mwenye pampu ndogo ya petroli, ile ya inchi 2 au inchi 3 inayobebwa na watu wawili, ambayo imeenea sana siku hizi katika mashamba yetu. Tunataka kumwonyesha jinsi ya kuilaza mwenyewe wakati wa mvua, bila fundi. Ni kazi ya asubuhi moja. Vyombo vinavyohitajika ni spana ya plagi, spana moja au mbili ndogo, bisibisi, karai la zamani, jerikeni safi ya petroli, oili mpya ya injini na vitambaa vikavu. Aghalabu spana ya plagi huja pamoja na pampu ndani ya sanduku lake, kwa hiyo kabla ya kununua nyingine waulize watoto kama hawajaipeleka kuchezea.

Mwandishi wa makala hii naye alipata kufanya kosa hilo hilo. Pampu yake ililala tangu mwanzo wa Aprili mpaka wiki ya mwisho ya Desemba, na nusu ya tangi ilikuwa bado ina petroli. Ilipokataa kuwaka aliipeleka kwa fundi kijana, ambaye alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akauliza, "Mzee, petroli hii ni ya lini?" Ilinuka kama rangi ya kupakia mbao. Kabureta ilipofunguliwa, chini yake palikuwa na utando wa njano unaonata kama ulimbo. Ilibidi kununua kabureta nyingine, na fedha zilizolipwa zingetosha kununua mbolea ya kupandia shamba zima la viazi. Lakini hasara iliyouma zaidi ni zile siku tisa bila maji.

Katika nchi za baridi kali, kama Uingereza, Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, watu wenye mashua za injini hufanya kazi kama hii kila mwaka. Baridi inapokaribia huitoa mashua majini, humwaga maji yote yaliyo ndani ya injini, hubadili oili, na kuifunika mpaka jua lirudi. Wao huogopa kwanza barafu, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100, na chuma cha injini hupasuka. Sisi hapa, hata kule Kinangop ambako Januari na Februari huamka tukaona majani ya viazi yamechomwa na jalidi, baridi yetu si ya kupasua chuma. Adui zetu ni petroli iliyochacha, unyevu na panya. Lakini dawa ni karibu ile ile ya watu wa mashua.

Kwanza fahamu habari ya petroli

Petroli si kama maji ambayo ukiyaweka yatabaki yalivyo. Ndani yake mna mafuta ya namna nyingi yaliyochanganywa pamoja, mengine mepesi na mengine mazito. Yale mepesi ndiyo yanayoshika moto upesi injini ikiwa baridi, na hayo ndiyo yanayotangulia kuruka hewani. Baada ya mwezi mmoja hivi petroli iliyo ndani ya tangi huanza kupungua nguvu, na ikikaa miezi mingi, yale mazito yanayobaki huungana na hewa na kugeuka kitu kama gundi. Katika kabureta mna tundu dogo sana ambalo mafundi huliita jeti, jembamba kama tundu la sindano, na petroli yote inayoendesha injini lazima ipite hapo. Gundi kidogo tu yatosha kuliziba. Ndiyo maana pampu iliyozimwa ikiwa nzima kabisa hufufuka ikiwa mgonjwa, na mwenyewe huapa kwamba hakuna mtu aliyeigusa. Kweli hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo, kama pampu haitafanya kazi kwa zaidi ya mwezi mmoja, usiiache na petroli. Wengine husema tangi likiachwa limejaa petroli halitashika kutu. Ni kweli tangi halitashika kutu, lakini kabureta itaziba, na kabureta ni ghali kuliko kutu.

Kazi yenyewe

Chagua siku kavu, ile ya mwisho ya kumwagilia. Pampu ikiwa bado iko mtoni, tia kichujio cha mpira wa kuvutia ndani ya ndoo kubwa au pipa la maji safi, uiendeshe kwa muda ili maji hayo yaoshe matope na mchanga ndani ya pampu na ndani ya mipira. Mchanga ukiachwa huganda ukawa kama simiti, na utakapowasha mwaka ujao utakwaruza panga la pampu. Angalia pipa lisiishe maji huku injini inakwenda. Ndani ya pampu, penye mhimili unaotoka kwenye injini, mna sili inayozuia maji yasivuje, na sili hiyo hupozwa na maji yenyewe. Pampu ikienda kavu kwa dakika chache sili huungua.

Maji yakiisha kutoka safi, funga koki ya petroli na uiache injini iende mpaka izime yenyewe. Kisha zima swichi.

Sasa injini ina moto, na huu ndio wakati wa kumwaga oili. Oili yenye moto ni nyepesi, nayo hutoka pamoja na uchafu wake wote. Ikipoa, uchafu hutulia chini na kubaki. Weka karai, fungua bolti ya kumwagia iliyo chini pembeni, na uinamishe injini kidogo kuelekea upande huo. Jihadhari isikuchome mkono. Wengi huuliza kwa nini wamwage oili sasa na pampu inakwenda kulala. Si afadhali kubadili Januari? La. Oili iliyotumika ina maji kidogo na asidi inayotokana na petroli iliyoungua, na ukiiacha miezi minane itakaa ikila chuma polepole huku wewe unapalilia. Pampu ilale na oili mpya.

Rudisha bolti na uikaze, kisha tia oili mpya ya namna ya 10W-30, au ile iliyoandikwa katika kitabu cha pampu yako. Injini nyingi za nguvu ya farasi 5.5 huchukua karibu lita 0.6. Basi chupa ya nusu lita haitoshi, na ukimimina lita nzima umezidisha, na oili iliyozidi hudhuru kama iliyopungua. Injini ikae mahali sawa. Pima kwa kijiti cha kupimia bila kukizungusha kwenye tundu lake, maana ukikikaza utapata kipimo cha uongo. Kama huna kitabu, mimina mpaka oili ifike kwenye ukingo wa tundu.

Oili ile chafu usiimwage mtoni wala kwenye mfereji. Majirani walio chini yako wananywesha ng'ombe hapo. Wala usimpake ng'ombe eti unaua kupe. Oili ya injini ina sumu inayoingia kwa ngozi, na ng'ombe atajilamba. Itie katika mtungi mkuukuu na umpelekee mwenye gereji anayekusanya.

Injini ikisha kupoa kabisa, ndipo uje kwenye petroli. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na mbali na mtu mwenye sigara. Chini ya kabureta mna kikombe kidogo cha chuma, na kikombe hicho kina bolti moja ya kumwagia. Weka karai safi chini yake, legeza bolti, kisha fungua koki. Petroli yote ya tangi itapita kabureta na kutoka hapo, nayo itaondoka na taka zilizokaa ndani ya kikombe. Usijaribu kuinyonya kwa mpira na mdomo. Petroli ikiingia katika mapafu, hata kidogo tu, yaweza kumlaza mtu hospitali au kumwua. Ikiisha kutoka, kaza bolti na ufunge koki.

Petroli hiyo kama haijapita wiki mbili au tatu bado ni nzuri. Ichuje kwa kitambaa na umpe mwenye pikipiki aitumie siku hiyo hiyo. Ukiiweka, iweke katika jerikeni ya petroli na wala si katika chupa ya soda. Watoto wamepata kunywa petroli kwa sababu hiyo.

Sasa pampu yenyewe. Juu yake mna kifuniko cha kujazia maji, na chini mna kingine cha kumwagia. Fungua vyote viwili na uache maji yatoke mpaka tone la mwisho. Watu wengi hufungua cha juu tu, wakaona kukavu, wakafunga. Lakini maji yako chini. Kabla ya kurudisha vifuniko paka grisi kidogo kwenye nyuzi zake, visije vikashikana kwa kutu.

Halafu plagi. Hakikisha swichi imezimwa. Ondoa kofia ya waya na uivute kando, futa uchafu kuzunguka plagi ili usianguke ndani, kisha uifungue kwa spana yake. Katika tundu lile mimina oili safi ya injini, kijiko kimoja kidogo cha chai au viwili, si zaidi. Funika tundu kwa kitambaa, maana oili itaruka, na uvute kamba polepole mara tatu au nne. Oili hiyo itajipaka kwenye kuta za silinda, na unyevu wa masika hautapata chuma kitupu cha kula. Ipige plagi brashi, na kama una kipimo angalia nafasi kati ya ncha zake iwe milimita 0.7 au 0.8. Irudishe kwa kuizungusha na vidole kwanza. Ukianza na spana na plagi imeingia upande, utaharibu nyuzi za silinda, na hapo ndipo utakapomjua fundi vizuri.

Liko jambo moja dogo ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Plagi ikisha kukazwa, vuta kamba polepole mpaka uhisi imekuwa nzito, kisha acha hapo hapo. Uzito huo maana yake ni kwamba pistoni inapanda na vali zote mbili zimefungwa. Vali zikifungwa, hewa ya mvua haina mlango wa kuingia ndani ya silinda. Toka siku hiyo usiiguse kamba, na watoto wakatazwe kuichezea.

Kichujio cha hewa hakina kazi kubwa. Kile cha sponji kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikamue bila kukisokota, ukianike kivulini kikauke kabisa. Kama kitabu chasema kipakwe oili, kichovye katika oili safi na ukikamue. Cha karatasi usikioshe. Kigonge polepole mavumbi yatoke, na kama kimekuwa cheusi nunua kingine.

Mahali pa kuilazia

Futa pampu yote kwa kitambaa kikavu, na penye chuma kilichobanduka rangi pitisha kitambaa chenye oili. Usiirushie maji kwa nguvu, maana yataingia kwenye ekzosi na kwenye kabureta. Iweke juu ya mbao mbili au tatu, isikae juu ya udongo.

Sasa, ghala lako lina nini? Kama lina mifuko ya mbolea ya kunyunyizia au dawa za ukungu, pampu isikae hapo. Mbolea hizo huvuta maji ya hewani, na vumbi lake likitua juu ya chuma hukila upesi sana. Tazama bawaba za mlango wa ghala la mbolea nawe utaona. Wala isiwekwe katika nyumba ya kulala au jikoni, hata kama tangi ni tupu, kwa kuwa mvuke wa petroli unabaki ndani yake na unashika moto. Mahali pazuri ni banda lenye hewa, lisilovuja, na mlango wake una kufuli. Tukisema kufuli hatuna mzaha. Pampu ni mali inayobebeka.

Kitambaa kikavu kizibe mdomo wa ekzosi, na kingine kifungwe kwenye midomo miwili ya pampu. Hii ni kwa ajili ya panya. Panya hupenda sana nafasi iliyo chini ya kifuniko cha kamba, kwani ni pakavu na pana giza, naye hujaza humo nyasi na maganda ya mahindi, halafu hutafuna waya. Injini ikiwashwa na kiota ndani yake haipati upepo wa kuipoza, nayo huungua. Kisha funika pampu yote kwa gunia safi au turubai jepesi. Karatasi ya nailoni haifai. Huzuia mvua kweli, lakini huzuia na hewa, na asubuhi utakuta maji yamejikusanya chini yake kama kwenye kifuniko cha sufuria.

Mipira nayo ina haki yake. Ioshe, iinamishe maji yatoke, uikunje kwa miduara mikubwa bila kuivunja. Usiitundike kwenye msumari mmoja, maana itajipinda na kupasuka hapo hapo. Tumia mti mnene wa ukutani, au gurudumu kuukuu. Jua ndilo linaloua mipira kuliko kitu chochote, basi isikae nje. Klipu zake zipake grisi na uzifunge pamoja katika mfuko mmoja na kichujio na spana.

Wako wakulima wanaosema dawa ni kuiwasha pampu kila Jumapili dakika tano. Hatuwashauri hivyo. Injini haipati moto wa kutosha kwa dakika tano, unyevu unaotokana na petroli hubaki ndani ya oili, na kama pampu haina maji sili inaungua. Tena petroli inabaki katika tangi. Mtu huyo anajichosha kila Jumapili ili apate hasara ile ile.

Wenye pampu za dizeli

Vikundi vingine vina pampu kubwa ya dizeli inayotumiwa na watu wengi. Hiyo sheria yake ni tofauti. Dizeli haichachi upesi kama petroli, na tangi lake lijazwe kabla ya kulazwa, ili pasiwe na nafasi ya hewa ambayo unyevu wake utageuka maji ndani. Kikombe cha chini ya kichujio cha dizeli kifunguliwe maji na taka zitoke. Kama injini hupozwa kwa maji, maji yamwagwe yote. Itakapofika siku ya kuiwasha, kama hewa imeingia katika mabomba ya dizeli lazima itolewe kwanza, na kazi hiyo afadhali ifanywe na mtu wa kikundi aliyefundishwa. Kikundi kimchague mtu mmoja wa kuilaza na kuiamsha, ajulikane kwa jina. Pampu ya wote isiyo na mtu wake huwa ya panya.

Siku ya kuiamsha

Usingoje mpaka mboga zilegee. Mvua za vuli zikipungua, mwanzoni mwa Desemba, itoe pampu nje. Ondoa vitambaa vyote, na hasa kile cha ekzosi. Tazama kwa tochi chini ya kifuniko cha kamba kama kuna nyasi. Pima oili. Tia petroli mpya ya kutosha kazi ya siku moja, fungua koki, ungoje kidogo, na utazame kama kabureta inavuja.

Kisha jaza maji ndani ya pampu kwa kile kifuniko cha juu mpaka yafurike, ukifunge. Funga choki, washa swichi, vuta kamba. Ikilia itatoa moshi wa buluu kwa dakika moja au mbili, usiogope. Ni ile oili uliyotia katika silinda. Kama hailii baada ya mivuto kumi, toa plagi. Ikiwa imelowa oili, ifute, ikauke, uirudishe.

Ikilia lakini haivuti maji, kabla ya kuilaumu tazama klipu za mpira wa kuvutia, kwa kuwa tundu dogo la hewa latosha kuizuia. Halafu tazama ulipoiweka. Vitabu hutaja kina cha mita 7 au 8, lakini hesabu hiyo ni ya mahali pa chini. Katika nyanda zetu zilizo juu mita 2,500 hewa ni nyepesi, na pampu nzuri hushindwa kwa urefu ambao pwani ingeuweza. Isogeze ukingoni, isikae zaidi ya mita 5 juu ya maji, na uache nguvu yake isukume badala ya kuvuta.

Mwisho, chukua kipande cha kadi, uandike tarehe uliyoilaza, siku uliyobadili oili, na maneno "tangi ni tupu". Kifunge kwa uzi kwenye mpini wa pampu. Huenda si wewe utakayeiwasha Januari. Huenda ni mke wako, au mwanao aliyerudi kutoka shule, naye hajui uliifanyia nini.